Alikuwa mtoto, lakini hakuwa kama mtoto



Wanafunzi walipouliza nani aliye mkubwa, Yesu alimsimamisha mtoto mdogo katikati yao (Mathayo 18). Wengi tunafikiri alisifu umri. Maisha ya George Müller yanatuonyesha jambo lingine.

Müller alizaliwa Prussia mwaka 1805. Baba yake alikuwa mkusanya kodi, na kabla hajafika miaka 10 kijana huyu alikuwa akiiba pesa za serikali ambazo baba alikabidhiwa. Umri wake ulikuwa wa mtoto, lakini alichotaka hakukiomba kwa baba. Alikichukua kwa siri.

Mwaka 1825, akiwa mwanafunzi huko Halle, aliingia katika mkutano mdogo wa maombi nyumbani kwa mtu, akamwona ndugu amepiga magoti akiomba. Hapo Mungu akamgeuza. Alikuwa na miaka 20, na ndipo alipoanza kuwa mtoto.

Mwaka 1836 alifungua nyumba ya mayatima Bristol, Uingereza. Aliamua asimwombe mwanadamu pesa. Kila hitaji alimpelekea Baba wa mbinguni. Kufikia mwaka 1870 kulikuwa na nyumba tano kubwa, zenye nafasi ya watoto zaidi ya 2,000.

Lakini usikose hili: mtu huyu wa imani aliweka hesabu. Sadaka zilizoingia ziliandikwa, kubwa kwa ndogo, na taarifa zikachapishwa watu wasome. Yule aliyeiba kwa siri sasa alifungua vitabu hadharani. Anayemwamini Baba hana cha kuficha.

Mpendwa, sisemi kuomba msaada ni dhambi. Harambee si dhambi. Uamuzi wa Müller ulikuwa wito wake. Nakuuliza juu ya siri. Karo inadaiwa, umekopa kwa simu, na mwenzako wa ndoa hajui. Kanisani unaimba, moyoni unahesabu peke yako. Nasi watumishi, tunawahubiria washirika waamini kama watoto, halafu hatutaki waulize sadaka ilienda wapi. Paulo aliwaambia Wakorintho wawe watoto katika uovu, bali katika akili wawe watu wazima (1 Wakorintho 14:20).

Usiku wa leo, kabla hujalala, mwambie Baba lile deni kwa jina lake na kiasi chake. Kisha mwambie na yule uliyemficha.

Ubarikiwe. Amina.