Sauti Kando ya Kiwambo: Majaribio ya Filamu kutoka Vugiri hadi Pwani ya Kusini ya Kenya

Utangulizi

Historia ya sinema katika Afrika Mashariki kwa kawaida huandikwa kwa kufuata filamu, watengenezaji wake na majumba zilimoonyeshwa. Mkabala huo unaifaa Mombasa, ambako majumba kama Regal, Majestic na Naaz yaliwahi kuwa na hadhira ya kudumu. Hauifai Kwale. Ng'ambo ya kivuko cha Likoni, kuanzia Diani na Ukunda hadi Msambweni na Vanga, sinema imekuwa zaidi ni jambo la mahali pasipojengwa kwa ajili yake: uwanja wa shule, uwazi wa soko, na baadaye kibanda cha mabati. Tena hadhira ya huko ni ya lugha nyingi. Kidigo, Kiduruma, Kichifundi na Kivumba ni lugha za wenyeji. Kikamba kimeletwa na waliohamia Shimba Hills. Na mashamba ya miwa ya Ramisi pamoja na hoteli za Diani yamewavuta wafanyakazi kutoka kila upande wa nchi. Mbele ya hadhira ya namna hiyo ukanda wa filamu peke yake hautoshi. Huhitajika mtu wa kusimama kando ya kiwambo na kusema.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mtu huyo ndiye kiini cha historia ya maonyesho ya filamu nje ya majumba rasmi, na kwamba uhakiki wa fasihi umemwacha nje pasipo sababu ya kutosha. Hoja kuu ni kuwa neno "jaribio", linalotumiwa mno katika mijadala ya filamu, limebadili mwenyewe katika eneo hili: mwanzoni hadhira ndiyo iliyojaribiwa, hatimaye hadhira na msimulizi wake ndio wanaoijaribu filamu.

Jaribio juu ya hadhira

Mwaka 1929 mwanabiolojia Julian Huxley alizunguka Afrika Mashariki akiwa na filamu chache, ili kupima jinsi Waafrika wangezipokea. Miaka sita baadaye jaribio likawa mradi kamili. Kati ya 1935 na 1937, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha Bantu Educational Kinema Experiment, uliosimamiwa na Baraza la Kimataifa la Wamisionari na kugharimiwa kwa sehemu kubwa na Carnegie Corporation ya New York. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Vugiri si mbali na Kwale: mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro unawagawa Wadigo mafungu mawili, na upande wa pili wa mpaka huo ni Tanga ileile yenye milima hiyo. Hivyo mojawapo ya majaribio ya mwanzo kabisa ya kutengeneza filamu kwa ajili ya hadhira ya Kiafrika lilifanyika jirani mno na eneo linalozungumziwa hapa.

Mradi ulitengeneza filamu zipatazo 35, na wenyewe wakachapisha ripoti yao mwaka 1937. Visa vilikuwa vya mafunzo: safura, kodi, kilimo, ufugaji. Katika filamu kuhusu benki ya akiba ya posta, kwa mfano, fedha za kibarua zilizofukiwa ardhini zinaibwa, nazo zilizowekwa benki zinasalimika. Mhakiki yeyote wa ngano ataitambua mara moja jozi ya mwerevu na mjinga. Lakini lenye uzito zaidi kwa makala haya ni upande wa sauti. Filamu zilikuwa za milimita 16, bila sauti ndani yake. Maelezo yalirekodiwa kwenye santuri, ili picha zilezile ziweze kufuatana na santuri ya Kiswahili hapa, na ya lugha nyingine kule. Kwa maneno mengine, waasisi wenyewe walikwisha kukubali kwamba filamu ni picha pamoja na sauti iliyo nje yake, na kwamba sauti hiyo hubadilika kwa kufuata mahali.

Serikali za makoloni hazikukubali kuendelea kuugharimia mradi, nao ukafungwa. Wazo lake halikufungwa. Colonial Film Unit, kilichoanzishwa London mwaka 1939 na kudumu hadi 1955, kilifuata imani ya William Sellers kwamba Mwafrika wa shamba hawezi kufuata uhariri wa haraka wala ufundi wa kamera. Hivyo filamu zake ziwe za polepole, za picha ndefu, na zisizo na hila. Imani hii ilienea hata nje ya ofisi za kikoloni: mwaka 1962 Marshall McLuhan, katika The Gutenberg Galaxy, alikirudia kisa cha watazamaji wa Kiafrika ambao, baada ya filamu ya usafi, walisema wamemwona kuku tu. Kisa hicho kilisomwa kama ushahidi wa upungufu wa hadhira. Kingeweza pia kusomwa kama ushahidi wa upungufu wa filamu.

Gari la sinema na mdomo wa mkalimani

Gari la sinema, pamoja na jenereta, projekta na kipaza sauti chake, lilihitaji mtu mmoja ambaye nadharia ya Sellers haikumpa nafasi ya usanii: mkalimani. Filamu za Unit zilitumwa bila sauti, zikategemea maelezo yasemwe papo hapo katika lugha ya mahali. Afisa asiyeijua lugha hiyo hakuwa na njia ya kupima kilichosemwa. Baina ya maandishi ya London na masikio ya watazamaji kulibaki mdomo wa mtu, na mdomo huo ulikuwa na uhuru ambao kamera haikuwa nao. Huyo alikuwa fanani, ijapokuwa aliajiriwa kama mtumishi. Filamu ziliandikwa katika orodha na baadhi zikahifadhiwa. Maneno yake yalikwisha pale taa ya projekta ilipozimwa.

Katika miaka ya 1960 wasanii wa Ulaya na Marekani walianza kudai kwamba onyesho lenyewe, si ukanda, ndilo kazi ya sanaa. Vyama vya ushirika vya watengenezaji filamu vya New York (1962) na London (1966) vilitafuta nafasi huru nje ya majumba ya kibiashara, na baadhi ya wanachama wao wakaifanya projekta kuwa ala ya kuchezwa mbele ya hadhira. Jambo hilo lilipokewa kama upya mkubwa. Hata hivyo Japani ilikuwa na benshi, msimulizi wa filamu zisizo na sauti, tangu mwanzo wa karne ya 20. Na Afrika Mashariki ilikuwa na mkalimani wa gari la sinema. Tofauti ni kwamba yule wa London alijiita msanii.

Kibanda

Kuja kwa mikanda ya video kulihamisha onyesho kutoka uwanjani hadi kibandani: kuta za mabati, mabenchi, televisheni moja, ubao wa chaki nje wenye majina ya filamu za siku. Msimulizi hakutoweka, alipata nguvu mpya. Uganda ikampa jina la vijei. Dar es Salaam ikawa na Lufufu, ambaye sanaa yake ilichunguzwa na Matthias Krings. Makala ya Krings ya 2010 inaifananisha kazi hiyo, tangu katika anwani yake, na kugeuza wali kuwa pilau. Kenya ikawa na DJ Afro, ambaye Kiswahili chake chenye Sheng kilisafiri katika diski na kufika vibandani bila yeye mwenyewe kuwapo. Filamu ya Hong Kong au ya Marekani inapopita katika sauti hizo, wahusika hupewa majina mapya, mandhari huhamishwa, mzaha hutiwa penye kimya. Haya hayakuwa tafsiri tu. Yalikuwa utunzi juu ya utunzi.

Sheria ya Kenya, kwa upande wake, iliuona ukaribu huo mapema kuliko uhakiki. Sheria ya mwaka 1962 inayodai leseni ya maonyesho inaitwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza: mtawala aliviweka pamoja, kwa sababu alichokiogopa katika vyote viwili ni mkusanyiko wa watu mbele ya sauti. Idara za fasihi ziliendelea kuvitenga.

Nafasi yake katika tanzu

M. M. Mulokozi, katika makala yake ya 1989 katika Mulika, alizigawa tanzu za fasihi simulizi katika mafungu sita: mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi, semi na ngomezi. Msimulizi wa filamu anagusa masimulizi na maigizo kwa pamoja. Pingamizi linaloweza kutolewa ni kwamba kisa si chake. Lakini mtambaji wa ngano naye hakubuni kisa cha Sungura. Hadhira inakijua, na thamani imo katika utendaji. Tofauti ya kweli iko kwingine. Mtambaji anaweza kunyamaza, kurudi nyuma, kungoja kicheko kiishe. Msimulizi wa filamu hangojwi: picha zinakwenda. Wakati wa filamu kwake ni kama mizani kwa mshairi, kifungo kinachomlazimisha kuchagua neno. Anayeweza kusema la maana, kuchekesha na kufunza ndani ya kifungo hicho ana ufundi unaostahili kupimwa kwa vigezo vya sanaa, wala si kwa usahihi wa tafsiri.

Mfano wa karibuni unathibitisha hoja hii. Kikundi cha Ajabu Ajabu cha Dar es Salaam kimeirudisha mbele ya watazamaji Maangamizi (2001) ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, filamu ambayo ndani yake walio hai na mizimu hukutana, nayo haifuati mtiririko uliozoeleka wa visa. Filamu fupi ya kikundi hicho, Tenzi za Sinema (2022), inawafuata wasambazaji, waonyeshaji na wasimulizi wa filamu nchini Tanzania. Jina lenyewe linadai nafasi: waliochagua neno "tenzi" wamekwisha kuliweka onyesho la filamu ndani ya fasihi ya Kiswahili.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba jaribio lililoanza Vugiri kwa kuipima hadhira limeishia mikononi mwa hadhira yenyewe. Yanayofuata ni ya kiutendaji. Wanafunzi wa fasihi hutumwa Kwale kukusanya methali, ngano na nyimbo za sengenya. Hapana budi waulizwe pia wazee wa Msambweni na Vanga: nani alishika kipaza sauti, kwa lugha gani, na watu walimjibu nini? Hali kadhalika sauti za vibanda vya Ukunda zirekodiwe pamoja na vicheko na majibizano ya watazamaji, kwa kuwa simu ya mkononi inamfanya kila mtazamaji kuwa peke yake, na fanani asiye na hadhira hunyamaza. Kanda za Vugiri zilizosalia ni chache mno, lakini hizo chache zinatunzwa London. Sauti zilizosimama kando ya kiwambo hazina ghala lolote isipokuwa kumbukumbu za walioketi mbele yake.