Mbakaji Hana Haki ya Baba kwa Mtoto

Sifa zote njema anastahiki Allaah.

Mtoto aliyepatikana kwa kubakwa mama asiye na mume hanasibishwi kwa mbakaji, kwa kauli ya madhehebu manne. Dalili ni Hadithi ya 'Aaishah (Radhiya Allaahu 'anhaa) katika Al-Bukhaariy na Muslim, kuhusu mzozo wa Sa'd bin Abi Waqqaas na 'Abd bin Zam'ah: nasabu hufuata kitanda halali. Mama akiwa na mume, mtoto ni wa mume, ila akimkana kwa li'aan.

Kwa hiyo mbakaji hana haki ya malezi, hawi walii wa binti huyo, wala hawarithiani. Mtoto hurithiana na mama yake na jamaa wa upande wa mama. Binti akiolewa, walii wake kwa Shaafi'iy ni Kadhi.

Ibn Taymiyyah na Ibn al-Qayyim wameona mzinifu akimkiri mtoto asiye na kitanda, ataunganishwa naye. Tunanasihi kauli hiyo isifanywe mlango wa mbakaji kumrudia aliyemdhulumu.

Haki hana, lakini deni analo: kwa Maalik, Shaafi'iy na Ahmad atamlipa mwanamke mahari ya mfano wake. Mama aliyelazimishwa hana dhambi, wala mtoto hana. Basi asiozeshwe mbakaji ili kuficha aibu.

Wallaahu A'lam.