Alama ya Kujumlisha ni ya Nani? Opereta Baina ya Klasi katika Historia ya Lugha za Programu

Makala haya yanafuatilia historia ya swali moja: alama ya kujumlisha inapokutanisha vitu vya klasi mbili tofauti, ni klasi ipi yenye mamlaka ya kuamua maana yake?

Tangu FORTRAN ilipotolewa mwaka 1957, alama hiyo ilitumika kwa namba kamili na kwa namba za desimali pia, lakini maana zote mbili zilikwisha kupangwa na waunda lugha. ALGOL 68 ilimruhusu mwandishi wa programu kujiundia opereta zake mwenyewe. Mwaka mmoja kabla, nchini Norway, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walikuwa wameasisi dhana ya klasi katika Simula 67. Mikondo hiyo miwili ilikutana katika C++, lugha ambayo Bjarne Stroustrup aliianza katika maabara za Bell mwaka 1979.

Hapo ndipo ugumu ulipojitokeza. Katika hisabati, 2 + z ni sawa na z + 2. Katika programu za vitu, aghalabu anayeulizwa ni wa kushoto. Namba changamano z yaweza kufundishwa kupokea 2, ilhali 2 haina habari yoyote ya z. C++ ilitatua jambo hili kwa kuiweka opereta nje ya klasi zote mbili, na pengine kuipa hadhi ya "rafiki" aruhusiwaye kuona ya ndani. Kwa upande wa Smalltalk, Dan Ingalls alipendekeza mwaka 1986 kwamba wa kushoto amkabidhi wa kulia kazi hiyo. Katika Python, wa kushoto akishindwa, wa kulia huulizwa.

Java, iliyotolewa mwaka 1995, ilimnyima mwandishi ruhusa hiyo, ingawa yenyewe iliendelea kutumia alama ileile kuunganisha matini. Matokeo yake, anayejumlisha namba kubwa mno hulazimika kuita kitendo kwa jina, na fomula hupoteza sura yake ya kihisabati.

Historia hii yaonesha kwamba mvutano wenyewe ni baina ya uhuru wa mwandishi na imani ya msomaji. Kama ilivyo kwa neno lenye maana nyingi, alama hubaki na manufaa maadamu kila maana mpya haivunji matarajio yaliyojengwa na zile za awali.