Kosa Moja, Adhabu Mbili: Sheria ya Roma ya Kale

Mwakumbuka jinsi Mtume Paulo alivyofungwa kamba huko Yeruzalemu ili apigwe mijeledi. Aliuliza neno moja tu: kama ni halali kumpiga raia wa Roma kabla ya hukumu. Papo hapo waliotaka kumpiga wakarudi nyuma, na hata mkuu wao akaogopa. Watoto wa katekisimu wapenda sana habari hii. Lakini siku moja mtoto mmoja alituuliza: Na kama Paulo asingalikuwa raia? Tulimjibu bila kuficha: angalipigwa.

Basi, mtu aweza kufikiri kwamba dawa ilikuwa kuwafanya watu wote kuwa raia. Jambo hilo lilifanyika. Mwaka 212 Kaisari Caracalla aliwapa uraia karibu watu wote huru wa dola yake. Je, mijeledi ilikoma? Haikukoma. Maana tangu karne ya 2 mahakimu walikuwa wamekwisha kuanza kuuliza swali jingine. Hawakuuliza tena sana kama mtu ni raia, bali ni mtu wa namna gani. Upande mmoja walikuwako wale walioitwa kwa kilatini honestiores, ndio watu wenye heshima: wazee wa baraza la Roma, matajiri wa daraja la wapanda farasi, madiwani wa miji, na askari waliomaliza kazi yao. Upande wa pili walikuwako humiliores, watu wadogo, yaani wote waliobaki.

Msifikiri kwamba hakimu alipendelea kwa siri, baada ya kupokea rushwa gizani. La, iliandikwa wazi. Marcianus, mwanasheria wa karne ya 3, aeleza kwamba mwuaji aliye mtu mdogo hutupwa kwa wanyama wakali, bali mwuaji mkubwa hupelekwa kisiwani na kunyang'anywa mali yake. Na Kaisari Hadrianus, aliyetawala tangu 117 mpaka 138, alitoa amri juu ya wale wanaong'oa mawe ya mipaka ya mashamba. Mkosaji akiwa mtu mkubwa, afukuzwe kwao kwa muda. Kijana akae huko miaka mingi zaidi, mzee miaka michache. Lakini watumishi waliofanya kazi hiyo wapigwe, kisha wafanye kazi ya nguvu miaka miwili. Sisi tuliozaliwa kati ya wakulima twajua nani hunufaika jiwe la mpaka likihama usiku. Si mtumishi.

Wakristu nao waliipata sheria hiyo. Mwaka 257 Kaisari Valerianus aliamuru maaskofu na mapadri waiheshimu miungu ya Roma. Mtakatifu Sipriani, askofu wa Kartago, alikataa. Alikuwa mtu wa mali na wa elimu tangu kabla ya ubatizo. Liwali akamwuliza maneno machache, akampeleka Curubis, mji wa pwani, mahali penye jua na nyumba ya kufaa. Huko Numidia maaskofu tisa, pamoja na mapadri na waamini, walikataa vilevile. Hao walipigwa marungu, wakafungwa minyororo miguuni, wakatupwa katika migodi. Walilala chini, chakula kidogo, nguo hazitoshi, nywele zimenyolewa nusu kichwa. Wala hawakupata nafasi ya kutoa sadaka ya Misa.

Wengine husema tofauti hiyo ilitoka kwa maliwali wawili tu, mmoja mpole na mmoja mkali. Yawezekana kidogo. Lakini liwali mkali naye hakuwa na ruhusa ya kumtia mgodini mtu wa daraja la juu. Sisi twaona sheria yenyewe ilikuwa imewatenga kabla hawajasimama mbele ya hakimu.

Sipriani alilijua jambo hili. Toka Curubis aliwaandikia wale wa migodini barua ndefu, akataja marungu na minyororo yao moja moja, akawaita wenye heri kuliko yeye. Tena hakutuma maneno matupu. Fedha zilifika kwa mkono wa shemasi mdogo Herennianus na maakoliti watatu, na majibu ya kushukuru yamehifadhiwa hata leo. Wengine wao walikuwa wamekwisha kufa.

Mwaka 258 ikaja amri ya pili, nayo ilipanga watu kwa madaraja: wakuu wanyang'anywe cheo na mali kwanza, wakishupaa ndipo wauawe, wanawake wa jamaa kubwa wafukuzwe, watumishi wa nyumba ya Kaisari wafungwe minyororo na kupelekwa mashambani mwake. Maaskofu, mapadri na mashemasi wauawe mara moja. Safari hii daraja halikumwokoa Sipriani, ila alipewa upanga, kifo cha watu wa heshima. Ilikuwa tarehe 14 Septemba. Kabla ya kufa aliagiza mwuaji wake apewe vipande 25 vya dhahabu.