Mzee wa Misri na Moto wa Novoli

Tarehe 16 Januari jioni, wakati sisi huku Nairobi tunahesabu siku za Njaanuari na kukopa nauli, mji mdogo wa Novoli, kusini kabisa mwa Italia, huwasha mlima wa kuni. Nikisema mlima sitii chumvi. Ni rundo la matawi ya mizabibu linalofika takriban mita 25 kwenda juu, na mita 20 upana wa chini. Chukua jengo la ghorofa nane, halafu litie moto. Wenyeji wanaliita fòcara, na wanaliwasha kwa heshima ya mtakatifu msimamizi wa mji. Kwenye jumuiya ndogo ndogo za huku tungesema somo wao.

Somo huyo ni Mtakatifu Antoni. Najua unachofikiria: yule wa kutafuta funguo zilizopotea. La, huyo ni Antoni wa Padua, aliyezaliwa Lisbon mnamo 1195 akaitwa Fernando. Alipojiunga na Wafransisko alibadilisha jina, akachukua la mzee mmoja wa zamani sana aliyemheshimu. Kwa hivyo Antoni ambaye mamangu humwomba akipoteza kitambulisho ni wajina tu. Mwenye jina ndiye huyu wa Novoli, Antoni Abate, na huyu alikuwa Mmisri. Mwafrika.

Maisha yake tunayajua kwa sababu Athanasio, askofu wa Aleksandria aliyemfahamu, aliyaandika muda mfupi baada ya kifo chake. Antoni alizaliwa yapata mwaka 251 katika kijiji cha Koma, nchini Misri, kwa wazazi waliojiweza. Walipofariki alikuwa kijana wa miaka kama 18 au 20, na akarithi shamba zuri la arura 300, kipimo cha wakati ule. Kwa hesabu ya leo ni zaidi ya ekari 200. Sisi tunajua watu wanavyouana kwa robo ekari, kwa hivyo hebu tulia na kilichofuata. Siku moja kanisani akasikia Injili ikisomwa, pale Yesu anapomwambia kijana tajiri auze mali yake awape maskini. Antoni akatoka, akagawa shamba kwa wanakijiji, akauza vyombo, akamweka dada yake chini ya ulinzi wa wanawake waaminifu, akaenda kuishi peke yake. Mwanzoni alikaa pembezoni mwa kijiji. Baadaye akaingia jangwani, akajifungia katika ngome iliyoachwa kwa karibu miaka 20.

Watu walimfuata. Wengine walitaka ushauri, wengine walitaka kuishi kama yeye, na jangwa likajaa wakaapweke. Ndiyo maana anaitwa baba wa watawa. Alikufa mwaka 356, akiwa na miaka 105 kwa hesabu ya Athanasio. Kabla ya kufa aliwaagiza wanafunzi wawili wamzike mahali pasipojulikana na mtu, kwa sababu hakutaka mwili wake ugeuzwe kitu cha kutazamwa.

Sasa, mzee aliyekimbia watu alifikaje kwenye sherehe yenye maelfu ya watu na fataki?

Alitangulia kufika kama kitabu. Simulizi la Athanasio lilitafsiriwa kwa Kilatini mapema, likasambaa. Mnamo 386, kule Milan, mwalimu mmoja wa ufasaha wa kuzungumza alisimuliwa habari za Antoni, akavurugika roho kabisa. Ndiye Augustino, naye pia Mwafrika, mzaliwa wa Tagaste, katika Algeria ya leo. Upande wa kusini mwa Italia, ambako Bizanti ilitawala kwa karne nyingi, watawa wa Kigiriki nao walimheshimu. Karne ya 11 mifupa iliyosemekana kuwa yake ilipelekwa Ufaransa, katika kijiji ambacho leo kinaitwa Saint-Antoine-l'Abbaye. Yule aliyekataa kaburi lijulikane akawa na hija yake.

Na hapo ndipo moto unapoingia. Enzi hizo Ulaya ilikuwa inasumbuliwa na ugonjwa wa kutisha. Mgonjwa alihisi anaungua ndani kwa ndani, vidole vinakuwa vyeusi, mkono au mguu unaoza hadi unakatika. Wengine walipatwa na degedege na kuona mambo yasiyokuwepo. Watu wakauita moto wa Mtakatifu Antoni. Chanzo chake kilikuja kujulikana baadaye: kuvu inayoota kwenye rai, nafaka jamaa ya ngano, ambayo maskini waliitumia kuoka mkate. Mwaka wa mvua nyingi, kuvu nyingi. Mwenye pesa alikula mkate wa ngano, maskini akala sumu.

Mkenya hahitaji kuelezwa hilo mara mbili. Mwaka 2004, Ukambani, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliota kuvu nyingine, na sumu yake, aflatoksini, ikaua watu 125 kati ya wagonjwa 317 waliorekodiwa. Kuvu tofauti, ghala tofauti, lakini mwathiriwa ni yule yule: mtu ambaye hana chakula kingine cha kula.

Karibu mwaka 1095 kulianzishwa pale Ufaransa udugu wa kuwahudumia wagonjwa hao, na baadaye ukawa shirika la watawa la Antoni lenye hospitali mamia kote Ulaya. Waliwapa wagonjwa mkate mzuri, jambo ambalo pengine ndilo lililowaponya wengi, na wakawapaka dawa zilizochanganywa na mafuta ya nguruwe. Nguruwe wa watawa hao waliruhusiwa kuzurura mitaani wakiwa na kengele shingoni. Ndiyo sababu ukiona picha ya Antoni Abate, utaona mzee mwenye ndevu nyeupe, fimbo yenye umbo la T, miali ya moto, na nguruwe miguuni. Kutoka kwa nguruwe akawa mlinzi wa mifugo yote, na kutoka kwa ugonjwa akawa bwana wa moto.

Wakulima nao waliongeza yao. Kisiwani Sardinia wanasimulia kwamba zamani dunia haikuwa na moto, watu walikuwa wanatetemeka kwa baridi. Antoni akaenda kuzimu na kijinguruwe chake. Nguruwe akaingia, akavuruga kila kitu, mashetani wakashindwa kumkamata, wakamwomba mzee aje amtoe. Akaingia na fimbo yake, ambayo ndani ina moyo mwepesi kama sifongo. Alipotoka, ndani ya fimbo kulikuwa na cheche, na akawapa watu. Sungura wa hadithi zetu angempigia makofi.

Novoli yenyewe ilimchukua rasmi kuwa msimamizi mwaka 1664, kwa idhini ya Luigi Pappacoda, askofu wa Lecce. Mji huo, wenye watu takriban 8,000, umezungukwa na mashamba ya mizabibu, na mizabibu hupogolewa majira ya baridi. Matawi yaliyokatwa hayatupwi. Yanafungwa matita, yanakaushwa, na kuanzia Desemba mafundi wanaanza kujenga. Wanapanga ngazi ndefu, wanasimama juu yake mmoja baada ya mwingine, na kila tita linapita kutoka mkono hadi mkono mpaka kileleni. Idadi inayotajwa mara nyingi ni matita 80,000 hadi 90,000. Ufundi wa kulipanga rundo hilo lisianguke hausomwi chuoni, kijana anaujifunza kwa kumtazama babake. Siku ya mkesha kuna baraka za wanyama na maandamano ya sanamu ya mtakatifu, kisha usiku ukiingia moto unawashwa. Kesho yake, tarehe 17, ndiyo sikukuu yenyewe, siku aliyofariki Antoni.

Mkesha huo huo, katika kijiji cha San Bartolomé de Pinares, Hispania, wapanda farasi hupita na farasi wao katikati ya moto barabarani, kwa imani kwamba moshi unawatakasa wanyama na kuwakinga na magonjwa. Watetezi wa wanyama wanalalamika kila mwaka, wanakijiji wanajibu kwamba ni mila.

Mimi neno hilo, mila, ndilo linalonikwaza. Moshi wa kutakasa mifugo ukifuka Hispania ni utamaduni, na wapiga picha wanapanda ndege kuufuata. Moshi huo huo ukifuka kwetu, wazee wetu waliambiwa ni ushetani. Fikiria Wamaasai. Rika jipya la vijana haliachwi hivi hivi, linapewa wazee wa kulisimamia, na wazee hao wanaitwa olpiron, jina la kijiti kinachopekechwa kutoa moto. Wao ndio wanaowawashia vijana moto wa rika lao. Msimamizi ni mtoa moto. Mtu wa Novoli angelielewa wazo hilo bila mkalimani.

Na tumefundishwa pia kwamba Ukristo ulitujia kwa meli. Kitabu cha historia shuleni kinaanza na Krapf kufika Mombasa 1844, halafu Rabai. Kwamba pwani yetu ulifika kwa meli ni kweli. Lakini Antoni alikuwa amekufa miaka 1,488 kabla ya Krapf kushuka melini, na kufikia hapo Ulaya ilikuwa imeshajifunza utawa kutoka kwa Waafrika. Athanasio hakuandika rangi ya ngozi ya rafiki yake, na mimi sitaipaka. Aliandika tu kwamba alikuwa Mmisri, na hilo latosha.

Ningeweza kuishia hapo, sote tukajisikia vizuri. Ila kuna Nardò.

Nardò iko chini ya kilomita 30 kutoka Novoli, katika rasi ile ile ya Salento. Kila kiangazi wafanyakazi kutoka Sudan, Tunisia, Ghana na kwingineko walikuja kuchuma tikitimaji na nyanya huko. Walilipwa kwa kreti, si kwa saa, na kati yao na mwenye shamba alikaa mnyapara, aliyekata pesa ya usafiri na ya chakula kabla hujashika chochote. Mwaka 2011 waligoma. Mmoja wa viongozi wa mgomo alikuwa Yvan Sagnet, mwanafunzi wa uhandisi kutoka Kamerun aliyekuwa ameenda kutafuta pesa za masomo. Mwaka huo huo Italia ikaufanya unyapara wa namna hiyo kuwa kosa la jinai, na sheria ya 2016 ikawafikia hata waajiri wenyewe. Baadaye Rais Sergio Mattarella akamtunukia Sagnet nishani.

Sisemi watu wa Novoli ndio waliowadhulumu wachumaji wa Nardò. Hao ni watu wengine na mashamba mengine. Nasema kwamba ardhi hiyo moja inamjua Mwafrika kwa namna mbili. Januari anabebwa mabegani kama sanamu, na mji mzima unamfuata. Julai anachuma nyanya kwenye jua, na ilibidi agome ndiyo jina lake lijulikane. Mmoja aligawa ekari zake kwa hiari. Mwingine alivuka bahari kwa sababu hakuwa na yoyote.

Kwa hivyo ile video ya fòcara ikikupitia kwenye simu Januari ijayo, na itapita, maana moto wa ukubwa ule unapendwa na kamera, itume mbele kama unavyotuma zingine. Ila ukiituma, andika na jina la kijiji: Koma, Misri. Halafu mwambie uliyemtumia atafute pia Nardò, 2011.