Kozi za uhandisi za likizo: kagua chuo kabla ya kuomba
Ndugu zetu wenye watoto wa sekondari Marekani huniuliza kama kozi za uhandisi za likizo ya kiangazi zina faida. Zinayo, ingawa hazimhakikishii mtoto nafasi chuoni. MITES ya chuo cha MIT huchukua wiki 6 bila ada; mzazi hugharamia nauli. Johns Hopkins hulipisha, na huko wanafunzi hujenga daraja la tambi kisha hulitundikia uzito mpaka livunjike. Jioni mtoto asijifungie chumbani. Awaulize wanafunzi wakubwa wanaowasimamia: walimu wanapatikana? Maabara hufungwa saa ngapi? Mpwa wangu alirudi akiupenda uhandisi, chuo chenyewe hakitaki. Dada alilalamikia pesa zake. Mimi nilimwambia angelipa ya miaka 4.