Maua ya manjano ya bustanini (Kaliua)

Maua ya manjano yanayojiotea katika bustani za nyumbani Kaliua, magharibi mwa mkoa wa Tabora, hutokana na mimea kadhaa tofauti: mingine mboga, mingine mbolea, mmoja mwizi. Huchanua zaidi wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, hasa kwenye ardhi iliyofyekwa miombo ili kulimwa tumbaku, karanga na mahindi. Rangi peke yake haitambulishi kitu. Heri kuvunja shina, kutazama tunda na kufukua mzizi.

Shina likitoa maziwa, basi aghalabu ni mchunga (Launaea cornuta). Majani yake marefu huwa na pembe pembe ubavuni, nayo ni mboga chungu inayopendwa sana Tanzania. Ua hufanana na la alizeti iliyopungua hadi ukubwa wa kifungo cha shati. Mchunga huenea kwa mizizi inayotambaa chini ya ardhi, na kila kipande kinachokatwa na jembe chaweza kuchipua. Ndiyo maana anayeupalilia kwa hasira huishia kuwa nao mwingi zaidi. Kuuchuma kila mara na kuupika ni palizi yenye faida.

Mbigili (Tribulus terrestris) hulala chini, na ua lake lina petali tano. Tunda lake gumu hupasuka vipande vyenye miiba inayotoboa nyayo na matairi ya baiskeli. Kishona nguo (Bidens pilosa) husimama wima; kitovu cha ua ni cha manjano, wakati mwingine kimezungukwa na petali nyeupe chache, na mbegu zake nyembamba hunasa kwenye nguo na manyoya ya mbuzi. Mimea ya aina hii husafiri na watu, na Kaliua hawakosi wasafiri: ndipo tawi la reli ya Mpanda linapoachana na reli ya Kigoma.

Alizeti pori (Tithonia diversifolia) hupita kimo cha mtu, na jani lake hugawanyika kama vidole. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Majani mabichi yakifukiwa shambani huongeza nitrojeni, kwa hiyo kuyachoma moto ni hasara. Marejea (Crotalaria ochroleuca) huwa na ua la umbo la ua la kunde, na maganda yaliyovimba ambayo yakikauka hulia yakitikiswa; nayo hurutubisha udongo.

Wa kuogopwa ni Alectra vogelii, mmea mfupi unaochomoza katikati ya kunde au karanga, ukiwa na ua la manjano lililopauka. Ni wa jamii moja na kiduha, gugu jingine linalonyonya mizizi ya mimea. Ukifukuliwa kwa uangalifu, sehemu yake ya chini, yenye rangi ya chungwa, huonekana imeshikamana na mzizi wa kunde, ambako hunyonya chakula. Palizi ya juujuu haiuokoi mkunde uliokwisha kunyonywa, lakini mvamizi aking'olewa kabla ya kukomaza mbegu, udongo haujazwi mbegu mpya. Mbegu hizo ni ndogo kama vumbi na hukaa ardhini miaka mingi, kwa hiyo tuta lililovamiwa hupandwa mahindi au mtama, ambao Alectra haunyonyi, kwa misimu kadhaa.